Upande wa Ziwa Usioonekana Toka Barabarani

Siku ofisi ya mume wangu ilipofungwa, alirudi nyumbani saa nne asubuhi akiwa amebeba katoni. Ndani mlikuwa na kikombe, kalenda ya ukutani, ua la majani marefu alilolitunza miaka mingi kwenye dirisha la ofisi, na buti za mpira alizokuwa akivaa akienda vijijini. Mimi nilikuwa nyumbani, maana wiki ile shule hazikufunguliwa. Mji wetu wote wa Bukavu ulikuwa umeshikwa na wasiwasi wa vita, benki zimefunga milango, kila mtu anamuuliza jirani yake kama amesikia jambo jipya. Aliweka katoni juu ya meza, akavua koti, akalitundika nyuma ya kiti.

"Maman, kuko chai?"

Kwetu mume na mke wakishapata watoto huitana papa na maman. Sisi tulikuwa na mabinti wawili, kwa hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini sikumwita kwa jina lake isipokuwa nilipokuwa nimekasirika. Nikammiminia chai. Alikunywa kikombe kizima kabla ya kuniambia kwamba wafadhili wameondoka, kazi imekwisha, na hakuna anayejua kama itaanza tena.

Alikuwa mtu wa maji. Kwa miaka kumi na sita alipanda gari la shirika kwenda Bunyakiri, kwenda Luvungi, popote walipoitwa, akisimamia ujenzi wa chemchemi na kulaza mabomba. Kuna vijiji ambako wanawake walimtambua kwa mbali wakampigia vigelegele. Akirudi alikuwa na matope hadi magotini, mkungu wa ndizi aliopewa na wenyeji, na ripoti ya kuandika. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika shule ya sekondari na ninaipenda kazi yangu, lakini sikuwahi kuipenda kama yeye alivyoipenda ya kwake.

Wiki tatu zilizofuata aliamka kila siku saa kumi na mbili, akawasha makaa, akapiga pasi shati. Akalivaa. Akakaa sebuleni. Ikifika saa sita mchana analivua, analirudisha kwenye kabati taratibu, kana kwamba siku ya kazi imekwisha. Shule zilipofunguliwa nilianza kumwacha kwenye kiti kile asubuhi na kumkuta kwenye kiti kilekile mchana. Nilijifanya sioni. Binti yetu mkubwa, aliyekuwa mwaka wa pili chuo kikuu, ndiye aliyejaribu kumwongelesha, naye akajibiwa kwa upole, neno moja moja.

Aliyekuja kumtoa mle ndani ni mlinzi wa ofisi. Alikuwa mtu mfupi wa miaka hamsini hivi, mzaliwa wa pwani ya ziwa upande wa Kabare, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Kazi yake nayo ilikuwa imekwisha siku ileile, ila yeye alikuwa na mtumbwi alioachiwa na baba yake, kwa hiyo hakupata nafasi ya kukaa. Alikuja Jumamosi moja na ndizi mbivu kwenye mfuko, akakataa kiti kizuri, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango kama alivyozoea ofisini, ambako mume wangu alikuwa chef, bosi wake.

"Chef, unaikala tu hivi mu nyumba?"

"Niende wapi? Kazi hakuna."

"Twende ku ziwa. Kule hapana patron ya kukutuma, hapana réunion ya kuikalia."

Mume wangu alitoa kicheko cha adabu. "Mimi najua maji ya bomba tu, ndugu yangu."

"Maji ni maji. Na samaki haiulizake diplome ya mutu."

Jumatatu yake akaenda, na viatu vya ofisi miguuni. Alirudi saa nane na viatu mkononi, suruali imeloa, uso umeiva kwa jua, na hakuwa na samaki hata mmoja. Lakini alikuwa anacheka. Alisimama jikoni, akatueleza mimi na mabinti jinsi mambo yalivyokwenda.

"Leo nimelisha samaki yote ya Bukavu. Minyoo yangu yote ilikulwa, na hakuna hata moja ilisema merci."

Binti mdogo alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka. Nilikuwa nimesahau kwamba nyumba ile ina sauti ya namna hiyo.

Tangu hapo akawa mwanafunzi. Mlinzi alimfundisha kuchagua mwanzi usio mzito kwenye ncha, kukata boya kutoka kwenye kandambili iliyokufa, kufunga nati ndogo ya baisikeli ili uzi uzame. Nyuma ya jiko letu, kwenye majani yaliyooza, alichimba minyoo akaifuga ndani ya kopo la maziwa lenye udongo. Nilipolalamika kwamba siwezi kupika karibu na kopo lile, alilihamishia chini ya ngazi. Siku minyoo ilipokosekana alikanda bugali wa jana na unga wa muhogo kidogo, akatengeneza vidonge. Watu wa Bukavu wanajua zaidi uvuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, ule wa nyavu na taa na watu wengi wanaoimba ndani ya mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja. Yeye huo hakuutaka. Alitaka tilapia, na aliitaka kwa ndoano.

"Sambaza inakamatwa kama batu wa mukutano," aliniambia. "Tilapia inakuya moja moja. Inakuuliza mbele. Inagusa kidogo, inarudi nyuma, inagusa tena. Ukivuta na haraka, imeenda. Ukilala, imeenda. Inataka umuyibu sawasawa."

Alikuwa akisema hivyo huku ameshika kijiko cha chai kana kwamba ni mwanzi, macho kwenye kikombe. Mwezi ule alinenepa kidogo. Akaacha kupiga pasi asubuhi, ingawa mashati yaleyale ya ofisi ndiyo aliyoendelea kuvaa, maana hakuwa na mengine.

Samaki wa kwanza alikuwa wa ukubwa wa kiganja. Tulimpika na nyanya na kitunguu, tukamgawa vipande vinne juu ya bugali, na mume wangu alikula kipande cha mkia polepole sana akitutazama kila mmoja kwa zamu yake. Baadaye walikuja wakubwa zaidi. Kuna wiki ambazo samaki wake ndiyo mboga pekee tuliyokuwa nayo. Sitaki kulisahau jambo hilo, kwa sababu ya yale nitakayosema sasa.

Mahali alipovulia palikuwa kwenye mawe yaliyo chini ya barabara kubwa, pale ambapo ziwa linaingia mjini. Ni mahali pazuri pa samaki, ila kila anayepita juu anaona: mapikipiki, wanafunzi wenye mashati meupe, wafanyakazi wa ofisi chache zilizobaki, akina mama watokao misa. Mtu akisimama pale na mwanzi anaonekana kama yuko jukwaani. Na saa za mchana mume wangu alipanda barabara ileile kurudi nyumbani, samaki wamening'inia kwenye uzi, akisalimia watu kwa sauti.

Siku moja wakati wa mapumziko, mwalimu mwenzangu, mwanamke tunayeimba naye kwaya parokiani, alinivuta pembeni ya chumba cha walimu.

"Maman, jana tulimuona papa wa kwenu ku mawe, na samaki mukononi." Akanishika mkono. "Courage. Bitapita."

Hakuwa na ubaya. Lakini ilikuwa sauti ya mtu anayemtembelea mgonjwa hospitali, na walimu wengine wawili waliinamia madaftari yao. Nilifundisha saa mbili zilizobaki bila kujua ninafundisha nini.

Nilipofika nyumbani alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma anaparua samaki kwa mgongo wa kisu, na binti mdogo anammwagia maji. Nilimtuma mtoto ndani.

"Papa, hauwezi kuvua fasi ingine?"

"Fasi gani?"

"Fasi batu habatakuona. Pale ku mawe barabara yote inakuangalia. Banafunzi yangu banapita pale. Bazazi yabo banapita pale. Uko licencié, papa, mutu wa université. Uko mutu batu balikuwa banasimama akiingia. Sasa banasema tumeanguka."

Kisu kiliendelea kufanya kazi. Magamba yalikuwa yanaruka, moja likanata kwenye kifundo cha mkono wake, karibu na saa.

"Tumeanguka," alisema. Sikujua kama ananiuliza au anaonja tu neno lenyewe. Kisha akasuuza kisu. "Bon. Sawa, maman."

Basi. Hatukugombana. Usiku ule tulikula samaki yule, na nilikula kama wengine. Nimejaribu kujikumbuka kama mwanamke aliyechoka, aliyekuwa na hofu, ambaye mji wake ulikuwa umegeuka chini ya miguu yake, na yote hayo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba nilimwonea haya mume wangu, mtu ambaye hakuwa ameiba wala kulewa wala kunipiga, kwa sababu ameshika samaki njiani.

Kuanzia wiki ile hakuonekana tena kwenye mawe. Alianza kwenda na mlinzi kwa mtumbwi, wakizunguka rasi, wakipiga kasia kama saa nzima hadi upande wa pili ambako mlima unashuka wima mpaka majini na hakuna nyumba wala barabara. Alirudi kwa kichochoro cha nyuma, samaki ndani ya mfuko mweusi wa plastiki. Hakuwa amenuna. Alikuwa anasimulia kama zamani, labda kwa maneno machache zaidi. Nilipata nilichoomba, nikaona mambo yamekaa sawa.

Mwezi wa nane, wakati wa likizo, aliniambia twende wote.

"Utaona fasi nafanyiaka kazi siku hizi."

Nilifunga kitambaa kichwani nikakishusha mpaka kwenye nyusi, kwa ajili ya jua, nilisema. Mlinzi alikaa nyuma na kasia, mume wangu mbele, mimi katikati juu ya ubao, nimeshika kingo mbili za mtumbwi kwa nguvu hata mlinzi akanicheka.

"Maman, achilia pirogue. Haitakimbia."

"Wewe unajua kuogelea?" nilimuuliza mume wangu.

"Kama jiwe," alijibu, na wote wawili wakacheka. Alikuwa amejenga chemchemi kwa maelfu ya watu, na maji yakimpita kifua alikuwa hana ujuzi wowote. Mimi pia sijui kuogelea. Watu wengi wa mjini kwetu hatujui, ingawa tunalala na ziwa dirishani.

Ilikuwa kiangazi, ukungu wa vumbi umefunika milima ya ng'ambo, na maji yametulia kama mafuta. Kule nyuma ya rasi palikuwa na kimya ambacho sikukidhania, karibu hivyo na mji wetu wenye makelele. Mume wangu alinifungia ndoano, akanitilia mnyoo kwa sababu nilikataa kuushika, akanifundisha kulaza uzi juu ya maji bila kuupiga. Tulingoja. Boya langu likatikisika, likatulia, likatikisika tena.

"Usivute," alinong'ona. "Iko nauliza. Ngoja. Ngoja, maman... Sasa!"

Nilivuta vibaya, kwa mikono miwili, kama mtu anayeng'oa muhogo. Lakini tilapia alikuja, akaruka ndani ya mtumbwi akapigapiga mkia miguuni mwangu, nami nikapiga yowe lililorudi kutoka mlimani. Mume wangu alicheka hadi machozi. Kitambaa kilikuwa kimenianguka mabegani. Akanirudishia, akaninyooshea, akasema bila uchungu wowote niliousikia wakati ule:

"Hata ukikiacha, hapa hakuna mutu mwenye kutuona."

Nilitaka kusema. Neno lilikuwa mdomoni: papa, rudi tu kwenye mawe, nilikosa. Lakini mlinzi alikuwa pale, amegeuza uso kwa heshima kana kwamba anakagua uzi wake, na niliona aibu kusema mbele yake. Nikajiambia nitasema nyumbani. Nyumbani kulikuwa na samaki wa kupikwa, na binti mdogo aliyetaka kusikia jinsi nilivyopiga yowe, na kesho yake kulikuwa na kitu kingine. Mvua zilianza na shule zikaanza, na neno lile sikulisema.

Ilikuwa mwezi wa kumi, Alhamisi. Mlinzi alikuwa ameshikwa na malaria. Mume wangu alimpitia asubuhi kwake, kando ya ziwa, akamkuta ndani ya blanketi. Haya nimeyajua baadaye. Aliomba mtumbwi, akaenda peke yake.

Mimi nilikuwa nasahihisha dictée, yaani imla, ya mwaka wa nne wa sekondari. Kama saa nane kasoro mbingu ilijifunga upande wa Kabare, upepo ukafungua madirisha yote kwa mara moja, na mvua ikaanguka juu ya mabati kwa nguvu hata wanafunzi hawakunisikia. Niliwaacha wazungumze. Nilisimama dirishani, na jambo nililolifikiria, nakumbuka sawasawa, ni nguo nilizoanika. Sikumfikiria. Alikuwa akirudi kabla ya saa nane. Kichwani mwangu alikuwa tayari nyumbani anaanua nguo.

Nguo zilikuwa kwenye kamba, zimeloa, nyingine zimeanguka kwenye matope. Binti mkubwa alikuwa amefika kabla yangu.

"Papa iko wapi?" aliniuliza.

Tulishuka sote wawili mbio hadi ziwani, viatu vikinata. Mlinzi alikuwa amesimama ndani ya maji hadi kiunoni, blanketi la ugonjwa bado mabegani, akiwapigia kelele watu wa mitumbwi mingine. Aliponiona alinyamaza. Hapo ndipo nilipojua. Mtu mwenye sauti kubwa vile akinyamaza, huhitaji kuambiwa.

Wavuvi walitoka, zaidi ya mitumbwi kumi, na mvua bado inanyesha. Waliuona mtumbwi wake jioni ile, umepinduka, unaelea karibu na mwamba nyuma ya rasi. Yeye alionekana siku ya tatu. Waliompata ni watu wa sambaza waliokuwa wanarudi asubuhi. Walimfunika na turubai lao, wakavua kofia, mmoja wao akaniuliza kama nataka kuhakikisha. Niliona shati, lile la bluu hafifu. Nikasema ndiye.

Tulimzika Nyantende, nyumbani kwao, kando ya baba yake, kwenye mteremko wa maharage na migomba. Mji mzima ulikuja, watu wa ofisi, watu wa parokia, hata wazee wawili wa kijiji kimoja cha mbali ambako alijenga chemchemi, waliosafiri siku mbili ili wasimame dakika chache na kofia mikononi. Hakuna aliyesema tumeanguka. Yule mwalimu mwenzangu alileta mikate, akanikumbatia akilia, na mimi nilisimama kama mti mikononi mwake. Nilimchukia. Ilinichukua muda kuelewa kwamba chuki ile nilikuwa nimeipeleka kwa mtu asiyehusika, kwa sababu hakusema neno lolote baya, na maneno mabaya yalitoka kinywani mwangu mwenyewe.

Watu walisema ni mpango wa Mungu. Mama mkwe wangu, mwanamke mkulima mwenye miaka zaidi ya themanini, hakusema hivyo. Alikaa juu ya mkeka na kurudia neno moja kwa Kimashi: mwanangu, mwanangu.

Siku arobaini zilipopita nilikwenda kumwona mlinzi. Nilimkuta ametoa mtumbwi majini, ameuweka kifudifudi mbele ya nyumba, na shoka liko kando.

"Unafanya nini?"

"Nataka niupasue, maman. Tuupikie."

"Na utakula nini?"

Mkewe alinitolea kiti, akaingia ndani. Nikaketi. Nikamuuliza kilichonileta.

"Juu ya nini mulikuwa munaenda mbali vile? Ku mawe samaki haikuwako?"

Alitazama shoka. "Kule ng'ambo iko mingi, maman. Chef alipenda kule."

"Nakuomba usinidanganye."

Akalisogeza shoka kando kwa mguu. Kisha alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Alinielezea. Alisema maman hapendi batu bamuone. Lakini hakukasirika, naapa. Alisema, 'Muke yangu anasimama mbele ya batoto ya batu kila siku, lazima asimame na kichwa juu. Mi naweza kupiga kasia.' Ndivyo alisema." Akafuta uso kwa mkono. "Na mi, ile siku, nilimuambia ngoja kesho, mawingu si mazuri. Akasema atarudi mbio. Ni mi nilimuonyesha fasi kasia iko. Nilikuwa nimelala, nikanyoosha kidole tu. Tu hivi."

Alinionyesha kidole chenyewe. Tulikaa pale, kila mmoja na kosa lake. Sikuwa na neno la kumwondolea la kwake, wala yeye hakujaribu kuniondolea la kwangu, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Kabla ya kuondoka nilimwambia asiupasue mtumbwi, kwamba watoto wake hawana kosa. Alisema atafikiri. Nimesikia anavua tena, ila hapiti nyuma ya rasi.

Ilibaki nyumba yangu. Binti mkubwa alikuwa amekuwa kama baba yake alivyokuwa katika wiki zile tatu, anajibu neno moja moja. Jumapili moja tukiwa tunachambua mchele aliniuliza, macho kwenye ungo:

"Maman, papa alikuwa anavua pale ku mawe, karibu. Juu ya nini aliacha?"

Ningeweza kusema samaki. Jibu lilikuwa tayari, mlinzi alikwisha kulitengeneza kwa ajili yangu, na hakuna mtu duniani ambaye angelikanusha. Nilitazama mikono yake, yenye vidole virefu vya baba yake, nikamwambia yote. Nilimwambia juu ya chumba cha walimu, ngazi ya nyuma, neno "tumeanguka", hata neno nililolimeza ndani ya mtumbwi. Niliongea bila kupumzika kwa sababu nilijua nikipumzika sitaendelea.

Hakulia. Aliweka ungo chini. "Uliona haya ya papa?"

"Ndiyo."

"Ya papa?"

"Ndiyo, mwanangu."

Aliinuka, akaingia chumbani, na kesho yake asubuhi akapanda pikipiki kwenda kwa bibi yake Nyantende. Mdogo wake aliniuliza kuna nini, nikamwambia dada yake amechoka. Kwa yule sijasema bado. Atakapokua kidogo nitasema.

Nilingoja wiki mbili. Kisha Jumamosi nilimfuata. Nilimkuta shambani na mama mkwe, wanapalilia maharage, si mbali na kaburi. Mama mkwe aliinua kichwa. Mara moja nilijua kwamba ameambiwa. Alinitazama kwa muda, macho yake mekundu kwa uzee na kwa mengine. Nilipiga magoti nikamsalimia kwa Kimashi kama inavyopasa. Aliitikia salamu. Halafu akageuka, akachukua jembe la tatu lililokuwa limelala kwenye tuta, akanipa.

Nililima nao hadi mchana, katika viatu vya mjini. Hakuna aliyesema lolote ila habari za magugu. Mama mkwe alipochoka alituacha, akaenda kuwasha moto. Nilibaki na binti yangu, mistari miwili imetutenganisha. Wingu lilikuwa linapanda kutoka upande wa ziwa. Alisimama akalitazama, akajifuta jasho.

"Maman."

"Niko nasikia."

"Mi siyamaliza kukasirika."

"Najua."

"Sijui itakwisha siku gani."

"Hata mimi sijui."

Akakung'uta udongo kwenye jembe lake, akalikung'uta tena ingawa lilikuwa safi. Kisha akaja akachukua na langu, akayaweka yote mawili begani.

"Twende tukunywe uji ya bibi, kiisha tushuke nyumbani. Niko na examen Jumatatu."